Akaunti Ni ya Z, Aliyeitumia Namjua: Niseme au Ninyamaze?

BARUA

Shikamoo mshauri wetu. Naomba jina langu na la chuo yasichapishwe.

Mimi ni mwanamke mwenye umri wa miaka 27, mzaliwa wa Faza kisiwani Pate, na kwa sasa naishi Malindi, ambako nimeajiriwa kwa mkataba kuwa msaidizi katika maabara ya kompyuta ya chuo kimoja cha ufundi. Kazi yangu ni kufungua maabara asubuhi, kuhakikisha kila anayeingia ameandika jina lake daftarini, kuwasaidia waliosahau nywila, kutia karatasi kwenye printa, na jioni kuzima mashine na kufunga milango. Seva na mitambo ya waifai haimo mikononi mwangu. Iko chini ya afisa wa teknolojia ya habari, ambaye ndiye mkubwa wangu wa kazi.

Kila mwanafunzi anapojiunga na chuo hutia sahihi karatasi ya kanuni za matumizi ya kompyuta na mtandao. Mimi ndiye ninayezigawa karatasi hizo, kwa hivyo nazijua kwa moyo: akaunti ni ya mtu mmoja na nywila yake haipewi mwingine, vifaa vya chuo ni vya masomo wala si vya biashara, ni marufuku kupakua filamu na muziki bila idhini ya wenyewe, ni marufuku kusakinisha programu bila ruhusa, na ni marufuku kufanya lolote litakalowanyima wengine nafasi yao ya kutumia mtandao. Wengi hutia sahihi wakiwa wamesimama kwenye foleni, bila kusoma.

Muhula huu chuo kilipokea malalamiko kupitia kampuni inayotuuzia intaneti, kwamba kuna filamu zinazopakuliwa na kusambazwa usiku kutoka katika anwani yetu. Afisa alipekua kumbukumbu za mfumo, akakuta kwamba nyakati zilizotajwa zinaangukia akaunti ya msichana wa mwaka wa pili, ambaye hapa nitamwita Z. Akaunti yake ilifungwa siku hiyo hiyo, kabla hata hajaulizwa neno. Sasa hawezi kufikia maelezo ya masomo wala kuwasilisha kazi zake, na usajili wa mtihani, ambao hufanywa humo humo, unakaribia kufungwa. Wiki ijayo ataitwa mbele ya kamati ya nidhamu. Yeye anakana kila kitu, anasema hajampa mtu nywila yake, na kwamba usiku yuko kwa mjomba wake Muyeye, wala halali chuoni. Nimemwona akilia nje ya ofisi hadi nikageuza uso.

Mshauri, mimi najua si yeye. Jioni moja kabla ya malalamiko hayo kufika, nilipokuwa nikifunga maabara, nilikuta mashine moja ya pembeni imeachwa wazi. Akaunti iliyokuwa ikitumika ilikuwa ya Z, lakini Z hakuja maabara siku hiyo, na jina lake halimo daftarini. Kwenye skrini hiyo hiyo palikuwa na baruapepe ya mvulana wa darasa lao, ambaye nitamwita K. Nikaketi nikasoma. Nilikuta barua za watu wa ng'ambo anaowaandikia insha za vyuo vyao kwa malipo, na nyingine za wanafunzi wenzake wanaomwagiza filamu awatilie kwenye flashi, awauzie. Nilipiga picha skrini kwa simu yangu, nikaitoa ile akaunti, nikafunga milango. Sikumwambia mtu pale chuoni.

Ugumu wangu ni huu. Nilipokuja Malindi kusoma, sikuwa na pa kulala wala jamaa wa kunipokea. Mamake K ndiye aliyenitia nyumbani mwake hadi nikamaliza masomo, hakunidai kodi, nami nilikuwa nikimsaidia alfajiri kusukuma mahamri ya kuuza. Hatuna udugu wa damu, lakini namwita mama mdogo, na K huniita dada. Siku hizi mama huyo amerudi kwao Mambrui kumuuguza babake, ndiyo sababu K anakaa bweni. Mkopo anaopata K hautoshi karo, na kinachobaki hukitafuta kwa hizo insha zake na hizo filamu.

Nilimpigia simu mama yangu mzazi kule Faza. Akaniambia, "Funika kombe, mwanaharamu apite. Kumsitiri mwenzio ni ibada." Mchumba wangu naye anasema nitume ile picha kwa mkuu wa chuo kwa WhatsApp, kwa laini nyingine, mambo yaishe bila mtu kujua ilikotoka. Afisa alipotuuliza wafanyakazi kama yupo mwenye habari yoyote, niliinamisha kichwa. Mkataba wangu unamalizika Desemba.

Je, niitoe picha, au ninyamaze? Na nikisema, nitamtazama vipi mama mdogo?

*Mwenye Ufunguo, Malindi*

JIBU

Marahaba, mwanangu.

Nimeisoma barua yako zaidi ya mara moja, na kila nikiisoma naona kwamba kilichokubana si uhaba wa kujua lililo sawa. Kilichokubana ni kwamba watu wawili wana haki juu yako kwa wakati mmoja: msichana ambaye huna udugu naye lakini anabeba mzigo ambao unaamini si wake, na mama aliyekupa paa ulipokuwa huna, ambaye mwanawe ndiye unayeamini kuwa mwenye mzigo. Juu ya hao kuna kazi yako, ambayo umeitaja kwa neno moja tu mwishoni, kana kwamba unaona haya kuihesabu. Usione haya. Mtu anayeishi kwa mkataba ana haki ya kuuwaza mkataba wake.

Kabla hatujafika kwenye uamuzi, niruhusu nikuulize habari ya lile neno "najua". Uliona akaunti ya Z imefunguliwa na baruapepe ya K imefunguliwa, katika mashine moja, jioni moja. Malalamiko ni ya filamu zilizopakuliwa usiku, saa ambazo maabara unaifunga wewe mwenyewe, na kwa hivyo bila shaka zilipitia waifai. Baina ya ulichokiona na kinachoulizwa kuna pengo, hata kama ni dogo. Huenda dhana yako ni sahihi, na mimi pia, kwa ulivyoeleza, naelekea huko huko. Lakini chuo kilichomfungia Z akaunti kimekwisha kuruka pengo la namna hiyo hiyo: kimeona jina la akaunti, kikadhani kimemwona mtu. Ni kama daftari la deni dukani. Ukimruhusu mwenzio achukue sukari kwa jina lako, mwenye duka husoma jina, wala hakumbuki mkono uliopokea mfuko. Nisingependa wewe, unayetaka kumtoa Z katika dhana, umwingize K kwa mlango huo huo.

Na hapa ndipo ilipo sababu ya kanuni ile ambayo wanafunzi huitilia sahihi wakiwa wamesimama. Mfumo hauna macho. Ulichonacho ni jina, saa, na kifaa. Chuo kikishindwa kumwamini mwenye jina, hakina pa kuanzia. Hata anwani iliyotajwa katika malalamiko si ya mtu: kwa kawaida chuo kizima huonekana nje kwa anwani moja tu ya intaneti, kwa hivyo anayelalamika kutoka nje hukiona chuo, na ni kumbukumbu za ndani peke yake zinazoweza kusema ni chumba gani na kifaa gani. Programu za torenti, zile za kupakulia filamu na mafaili mengine makubwa, nazo zina tabia ambayo vijana wengi hawaifahamu: kompyuta inayovuta vipande vya filamu huwagawia pia wengine vipande ilivyokwisha kuvipata. Ndiyo maana malalamiko yanasema "kusambazwa", wala hayasemi "kutazamwa", na ndiyo maana wakubwa wako wameshtuka kiasi hicho. Kwa Sheria ya Hakimiliki ya 2001, kutazama na kugawa havina uzito mmoja.

Nikupe kisa kimoja, maana hunichekesha kila nikikikumbuka. Mwaka 1961, katika chuo cha MIT huko Marekani, Fernando Corbató na wenzake walionyesha mfumo ulioitwa CTSS, uliowawezesha watu wengi kutumia kompyuta moja kwa zamu, na kila mmoja akapewa nywila yake ili mafaili yake yasiguswe na mwingine na saa zake zihesabiwe. Mwaka uliofuata mwanafunzi mmoja wa udaktari, Allan Scherr, ambaye alipangiwa saa 4 kwa juma na hazikumtosha kwa utafiti wake, aliiagiza mashine imchapishie faili yote ya nywila, akawa anaingia kwa majina ya wenzake. Alikuja kulisimulia jambo hilo mwenyewe miaka mingi baadaye. Utaona kwamba matatizo ya kutumia akaunti ya mwingine yalianza karibu sawa na akaunti zenyewe, na kwamba aliyeyaanzisha hakuwa mhuni. Alikuwa mwanafunzi mwenye shida ya rasilimali. Simtetei K kwa kisa hiki, nataka tu umtazame bila kumfanya shetani wala malaika.

Sasa nije kwenye jambo ambalo umelipita haraka katika barua yako: "Nikaketi nikasoma." Mwanangu, ulipoikuta mashine wazi, kazi yako ilikutaka uitoe ile akaunti, na labda uandike kwamba imeachwa hivyo. Kuona jina la akaunti kwenye skrini hukuwa na jinsi ya kukuepuka, kwa kuwa macho yalikuwa kazini. Lakini kufungua barua moja baada ya nyingine ni jambo jingine. Ibara ya 31 ya Katiba ya Kenya inalinda faragha ya mawasiliano ya kila mtu, na haimtoi mwanafunzi aliyesahau kufunga baruapepe yake. Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 nayo inawataka wanaoshika habari za watu wazitumie kwa lengo lililo wazi na halali. Barua hizo zina majina ya watu wengine pia, ambao hawamo katika kesi hii hata kidogo. Silisemi hili ili nikuongezee hofu. Nalisema kwa sababu kila njia utakayoichagua itapita kwenye swali moja: ulijuaje? Ni heri ulijibu kwanza mbele yangu kuliko kulisikia kwa mara ya kwanza mbele ya kamati.

Kutokana na hilo, naona elimu yako juu ya tukio hili ni ya aina mbili, na pengine umeziunganisha bila kutambua. Iko ile iliyokujia kwa wajibu wako: kwamba jioni fulani akaunti ya Z ilikutwa wazi katika mashine ya pembeni, na kwamba jina la Z halikuwamo katika daftari la maabara siku hiyo. Iko na ile uliyoichukua kwa kusoma barua. Ile ya kwanza unaweza kumwambia afisa wako leo hii, kwani ni habari ya maabara na wewe ndiye mlinzi wake, na peke yake inatosha kuonyesha kwamba yupo mtu mwingine aliyekuwa akitumia akaunti ile. Haimtaji K. Sikufichi kwamba njia hii nayo ina mwiba: afisa akikuuliza, "Ulimwona nani hapo, au kulikuwa na nini kingine kwenye skrini?" itakubidi ujibu kweli, au ukatae kujibu kwa kueleza sababu, au useme uongo. Uingie ukiwa umekwisha kuamua ni lipi kati ya hayo unaloweza kulibeba.

Upande wa K umechanganya pia mambo matatu ambayo kamati huenda ikayatazama mbalimbali. Kuwaandikia watu wa ng'ambo insha kwa malipo ni biashara iliyokatazwa na kanuni zenu, na ni msaada wa udanganyifu katika vyuo vya wengine. Mimi siipendi kazi hiyo, ingawa naijua imelisha nyumba nyingi hapa Pwani na bara. Lakini haihusiani na kilichomfungia Z akaunti. Kuuza filamu ni jambo jingine. Kuingia kwa jina la Z ni la tatu, na ndilo linalomuumiza mtu aliye karibu. Si lazima anayetaka kulitatua hili la tatu amwage kapu zima.

Na Z mwenyewe? Umesema anakana kwamba alimpa mtu nywila. Huenda ni kweli, na K aliipata kwa hila. Huenda pia alimwazima rafiki wa darasa kwa siku moja ya kazi ya kikundi, na sasa anaogopa kukiri kwa sababu kukiri ni kujitia hatiani kwa kanuni nyingine. Wazee walisema mficha uchi hazai, na hofu yake ina msingi: Sheria ya Matumizi Mabaya ya Kompyuta na Uhalifu wa Mtandaoni ya 2018, katika kifungu cha 19, inahesabu kuwa kosa mtu kutoa nywila kwa makusudi bila idhini, kwa faini isiyozidi shilingi milioni 5, au kifungo kisichozidi miaka 3, au vyote viwili. Adhabu ya anayevunja kinga ya kompyuta na kuingia asikoruhusiwa, katika kifungu cha 14, ni ya kiasi hicho hicho. Naitaja sheria hiyo ili ujue kwa nini kila mmoja wenu amefunga mdomo, maana kwa kadiri nilivyoona mambo ya aina hii humalizwa na vyuo vyenyewe, kwa onyo, au kufungiwa akaunti kwa muda, au kusimamishwa masomo. Itafute ile karatasi unayoigawa kila muhula, uisome sehemu ya adhabu na sehemu inayowahusu wafanyakazi, kwa sababu hii ya pili sikuiona katika orodha uliyoniandikia.

Kuna dhana nyingine nataka kuigusa kwa upole, nayo ni kwamba wewe ndiwe shahidi pekee na kwamba bila picha yako Z ameangamia. Sidhani ni hivyo. Ikiwa filamu zilipakuliwa usiku kupitia waifai, mtambo wa waifai hurekodi kifaa kilichoungana nao na mara nyingi hurekodi pia ni mtambo upi, wa bweni au wa jengo la madarasa. Z analala Muyeye. Rekodi ikisema kifaa kiliungana na mtambo wa bweni usiku wa manane, hilo ni neno zito kwa upande wake, na halitoki kinywani mwako. Simu nyingi za siku hizi hubadilisha namba ya utambulisho wa kifaa kila zinapoungana na mtandao mpya, kwa hivyo rekodi hiyo haitakata kila shaka, lakini mahali ni mahali. Tatizo ni muda: mitambo mingi hufuta rekodi za zamani nafasi inapojaa, wakati mwingine katika siku chache.

Z ana haki ya kuomba rekodi hizo zitazamwe. Ibara ya 47 ya Katiba, pamoja na sheria ya mwaka 2015 iliyotungwa kuitekeleza, inampa mtu haki ya kujulishwa tuhuma na kusikilizwa kabla ya uamuzi wa kiutawala unaomdhuru, na kupewa sababu kwa maandishi. Kufungiwa akaunti kabla ya kuulizwa, mtihani ukiwa mlangoni, ni jambo ambalo mlezi wa wanafunzi anaweza kulitazama upya hata kabla kamati haijakaa. Anaweza kuomba Z asajiliwe kwa mtihani kwa karatasi, huku kesi ikiendelea. Ombi hilo halihitaji kumtaja mkosaji. Nawe unaweza kumwelekeza Z huko bila kumwambia lolote unalolijua juu ya K.

Wazo la mchumba wako nalielewa, kwa sababu linakuahidi usingizi. Nina wasiwasi nalo kuliko mengine yote. Picha ikishaingia WhatsApp haina mwenyewe tena, na barua za K pamoja na majina ya waliomwandikia zitapita simu hadi simu. Tuhuma isiyo na msemaji haiwezi kuulizwa swali, kwa hivyo kamati ama itaipuuza, ama itaiamini bila kuipima. Na kuhusu kujificha, mwanangu, anayefunga maabara jioni ni nani? K atakisia kabla hujazima ile laini. Tena mfumo unaweza kuwa umerekodi saa ambayo akaunti ya Z ilitolewa katika mashine ya pembeni, wakati ambao hapakuwa na mtu maabara ila wewe. Kwa sababu hiyo hiyo hata kimya chako si kimya cha usalama kama unavyokidhania. Siku afisa akiitazama rekodi ile, atauliza kwa nini uliinamisha kichwa.

Kimya kina gharama nyingine, na inaangukia kwa Z peke yake. Mama yako amekuambia kusitiri ni ibada, na amesema kweli. Swali langu ni kama kusitiri kosa la mtu ni sawasawa pale kosa hilo linapokuwa limewekwa juu ya mabega ya mwingine. Wako masheikh wanaotofautisha aibu ya mtu inayobaki kwake na dhulma inayomfikia mwenzake, na sheikh wa karibu nawe atakueleza kwa hoja bora kuliko zangu. Nenda ukamuulize bila kutaja majina. Na ile methali ya kombe, muulize mama kwa heshima: katika kisa hiki, anayepita ni nani?

Njia ambayo moyo wako, nadhani, unaizunguka bila kuitaja ni kwenda kwa K mwenyewe. Ana haki ya kusikia kutoka kwako kabla ya kusikia kutoka kwa kamati, kwa sababu anakuita dada. Huenda kuna maelezo usiyoyajua. Huenda pia hajui kwamba Z yu karibu kukosa mtihani, kwa kuwa vijana huona akaunti kama daraja la kupitia wala hawaoni mtu aliye nyuma yake. Akienda mwenyewe kwa afisa, ana nafasi ya kusikilizwa kwa sikio tofauti, ingawa usimwahidi msamaha usio mikononi mwako. Hatari yake ni ya kweli pia: anaweza kufuta kila kitu usiku huo, anaweza kukusihi kwa jina la mama yake hadi ukaregea, na ikijulikana kwamba ulimwonya, unaweza kuonekana umemsaidia kujificha. Ukiichagua njia hiyo, msikutane maabara, msiandikiane, na mpe muda unaoishia kabla ya kikao, si baada yake. Mwambie pia habari za karo. Nyumba ya mama huyo iwe Malindi au Mambrui, zote ni Kaunti ya Kilifi, na basari za kaunti pamoja na za mfuko wa eneo bunge zimekuwa na fomu za kuomba, kwa hivyo ulizieni kama bado zinatolewa kwa mwanafunzi wa chuo cha ufundi. Ukiweza kukaa naye mkajaza moja, atajua kwamba hukuja kumfukuza.

Umeniuliza utamtazama vipi mama mdogo. Mimi nisingeanza na mtazamo wako, ningeanza na wake: angependa kuzipata habari hizi kwa nani? Kama ni kwa mwanawe, basi K apewe nafasi ya kupanda matatu hadi Mambrui. Kama ni kwako, hili si jambo la simu. Wala sidhani kwamba aliyekufungulia mlango bila kodi alikuwa akiweka akiba ya kimya chako, lakini wewe unamjua na mimi simjui, na huenda akakasirika kwa miezi. Hasira hiyo ni sehemu ya bei, na sitaki nikudanganye kwamba haipo.

Picha usiitume kwa mtu, na usiifute sasa, maana kufuta kitu wakati uchunguzi unaendelea huweza kuonekana ni kuficha ushahidi. Ikae ilipo hadi utakapojua nani atauliza na kwa mamlaka gani. Nani atangulie kusikia, K au afisa au mama yake, hilo ni lako kulipima, na nitaipokea barua yako ya pili vyovyote utakavyoamua. Ila rekodi za waifai hazingoji kikao. Ombi la kuzihifadhi Z anaweza kuliandika kesho asubuhi kwa karatasi moja, akalipeleka kwa afisa na nakala kwa mlezi wa wanafunzi, bila jina la mtu mwingine yeyote ndani yake.